Shangazi Yenu Mgonjwa Sana

Wenzangu nisaidieni, watoto wangu wamenishinda.

Leo asubuhi dada yangu Wakesho ametutoka, hapa nyumbani Chawia.

Nikaandika kwenye grupu ya familia: "Shangazi yenu mgonjwa sana. Njooni nyumbani."

Sisi wa zamani hatukuhitaji zaidi ya hapo. Miaka ya sabini, nikifanya kazi Voi, nililetewa telegramu: "Baba mgonjwa sana. Njoo." Sikuuliza anaumwa nini. Nilifunga ofisi nikapanda milimani nikilia njia nzima. Hakuna aliyekuwa akiandika neno lenyewe. Ulingojwa ufike, ushikwe mkono, ndipo uambiwe.

Sasa waoneni hawa.

Mwakio, kijana wangu wa Nairobi, ametuma dole gumba. Basi.

Dada yake Mghoi, aliye Mombasa, ameandika, "Ugua pole aunty," na maua juu yake.

Mwakio akarudi kuuliza kama tumempeleka hospitali.

Huku nje vijana wanafunga turubai, na akina mama wa kanisa wameshaanza kuimba. Mimi niko chumbani na simu. Nimeliandika lile neno, nikalifuta. Nikaliandika tena, nikalifuta. Kidole kinakataa kulituma.

Mwishowe nikatuma: "Mgonjwa SANA. Njooni LEO."

Nikadhani hapo wameelewa.

Mghoi amejibu sasa hivi: "Sawa baba. Hebu mpe simu niongee naye kidogo."

Ninyi mngemjibu nini?