Stika za Magoti

Karani wa stoo ya upasuaji hajui kukaa. Kila goti la bandia likitolewa kwenye boksi, yeye hubandua stika mbili zenye namba. Moja huenda kwenye faili ya mgonjwa, ya pili kwenye daftari lake mwenyewe, halafu huipitishia kidole gumba mara tatu, mara nne, kama mtu asiyeamini gundi. Wenzake humcheka. Leo asubuhi barua imefika kutoka kiwandani: plastiki za ndani ya magoti hayo, za namba fulani, zilifungwa kwenye mifuko inayopitisha hewa, huenda zikalika mapema ndani ya mtu. Amelipekua daftari akiwa amesimama, na kabla chai haijapoa amempata Mama Nanzala wa Munyaka, mwenye namba mojawapo, akampigia simu.

"Goti linaendeleaje, Mama?"

"Halina neno. Siku hizi hata kanisani napiga magoti."

Akamweleza pole pole, akamwomba aje Jumatatu apigwe eksirei.

"Sawa, nitakuja. Lakini hii Jumapili, nipige magoti ama nikae tu kwa benchi kama zamani?"

Karani akaizunguka meza mara mbili, kisha kidole gumba kikarudi kwenye stika ya Mama daftarini, kikaisugua, ingawa ilikuwa imeshika tangu mwaka juzi.