Mhogo mtamu ulivyotaka kunitoa roho ukweni Kisarawe

Wakuu, habari za majukumu. Ninachosimulia ni kweli tupu. Mke wangu naye yumo humu kwa ID nyingine, nikiongeza chumvi atanianika kwenye comments.

Mimi naishi Kibaha lakini ni mtu wa Moshi. Nimekulia ndizi. Mhogo nimeujua ukubwani, baada ya kuoa Mzaramo wa Masaki.

(Masaki ya Kisarawe, wakuu, siyo ile ya maghorofa. Huku ghorofa ni mkorosho.)

Basi Jumamosi moja tukaenda ukweni kuvuna mihogo. Nikapewa jembe, nikachimba kwa fujo ili mama mkwe aone binti yake hakukosea.

Njaa ikanishika. Nikamenya mhogo mmoja kwa panga, nikautafuna mbichi palepale.

Mtamu, wakuu! Nikaumaliza, nikaanza mwingine, huo nikaufikisha nusu.

Ndipo akapita shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Akatazama maganda, akanitazama mimi.

"Shem, huu umeutoa upande gani?"

Nikamwonyesha pembeni kule.

"Mbona huko ndiko kwenye mchungu?"

Kwa wasiojua: watu wa huku hupanda mhogo mchungu pembezoni mwa shamba ili nguruwe pori wakate tamaa. Hauliwi mpaka ulowekwe na kuanikwa. Ukiubugia mbichi unaweza kufa, na hapo sitanii.

Sasa oneni maajabu. Papo hapo nikaanza kukumbuka kwamba kweli ulikuwa mchungu. Tena mchungu sana! Nikajishangaa nilivyoumeza.

Midomo ikafa ganzi. Jasho likanitoka. Miguu ikagoma.

Nikaingia Google kusoma symptoms. Network ya kule ni ya kubahatisha, ila siku ya kifo changu ilikuwa inapaa. Kila dalili niliyoisoma ilinifika. Kulikuwa na moja tu sikuelewa Kiingereza chake, hiyo haikunipata.

Wakanilaza kwenye mkeka chini ya mkorosho. Shemeji akakimbia kutafuta bodaboda anipeleke zahanati.

Nikamwita mke wangu nimpe wosia. Nikamwambia watoto wasome. Nikamwambia na yeye akitaka kuolewa tena aolewe, ila siyo na yule jirani yetu mwenye geti jeusi.

Akaacha kulia. "Kwa nini yeye?"

Nikafumba macho, nikajifanya nimezidiwa.

Mnacheka, lakini niliogopa wakuu. Mtoto wangu wa mwisho hajaanza hata chekechea. Nilikuwa namuwaza yeye na machozi yananitoka ya kweli.

Mara mama mkwe akatokea, katoka kisimani na ndoo kichwani. "Kulikoni tena?"

Mke wangu akamweleza. Mama akatua ndoo, akaokota ile nusu iliyobaki, akaipangusa kwenye kanga, akaing'ata.

"Mama, usile!" Sauti ilinitoka kubwa kwa mtu anayekata roho.

Akatafuna taratibu. Akameza. Akang'ata tena.

"Mbona mtamu huu? Ule mchungu niling'oa wote msimu uliopita, huku nikapanda mbegu nyingine."

Kumbe shemeji anafanya kazi Kwala, shamba alikuwa hajalikanyaga siku nyingi. Alikuwa anasoma ramani ya zamani.

Wakuu, nilipona hapohapo. Ganzi ikatoka, miguu ikarudi, jasho likakauka. Bodaboda alipofika akauliza mgonjwa yuko wapi, akaonyeshwa mimi, nimesimama natafuna.

Mama mkwe akaniangalia kwa huruma. "Baba, wakati unautafuna, ulimi ulikwambiaje?"

"Ulisema mtamu, mama."

"Sasa ukataka kufa kwa masikio?"

Nikaokota jembe, nikarudi kuchimba.

Nilichojifunza ni kwamba mwili wangu ni mtiifu kupita kiasi. Nikiuambia tunakufa, hauombi ushahidi, unaanza kufa. Sisemi magonjwa ni mawazo, mtu akiumwa aende hospitali. Ila mindset ina nguvu jamani. Hata kile kichwa kinachoanza kuniuma Jumapili jioni kwa ajili ya kazi ya Jumatatu, na bosi hajasema lolote, nimeanza kukitilia shaka.

Ukweni sasa sina jina. Juzi mama mkwe kapiga simu, nikamsikia kwa masikio yangu akimuuliza mke wangu: "Marehemu hajambo? Mwambie Jumamosi aje, kuna mihogo ya kuchimba."

Na marehemu ataenda, afanyeje.

Haya, kama kuna mwingine humu amewahi kufa kwa kuambiwa, ashushe kisa chake hapa chini nisibaki peke yangu. Wa kucheka nanyi chekeni, ila pangeni foleni nyuma ya shemeji.