Miti Niliyoichonga Mwenyewe

Karakana yangu ina urefu wa hatua saba na upana wa hatua tano, na meza yake ya kazi iko chini kuliko meza ya fundi yeyote hapa Shinyanga. Inakomea magotini. Niliitengeneza hivyo kwa sababu nafanya kazi nimekaa. Nyonga yangu ya kulia ilipondwa na kifusi mgodini, ikaunga vibaya, na tangu hapo nikisimama muda wa kuchemsha chai mguu unaanza kutetemeka. Kwa hiyo msumeno, randa, patasi, keekee, vyote nimevitundika chini, pale mkono wa mtu aliyekaa unapofika. Jirani yangu mmoja alipoiona meza ile mara ya kwanza aliuliza, "Fundi, hii ni ya watu au ya kuku?"

"Ya kuku," nikamjibu. "Karibu ukae."

Nimeishia darasa la nne, lakini haya nimeona niyaandike mwenyewe, maana waliosimulia kabla yangu walisimulia uongo.

Kule upande wa Geita kazi yangu ilikuwa kupiga matimba. Matimba ni miti inayosimikwa chini ya ardhi, ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ili mwamba usimwangukie mchimbaji. Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu wa maneno machache. Alinionyesha namna ya kuchonga mdomo juu ya nguzo ili mti wa kulala ukae bila kuteleza, kisha akanifundisha alama. Kila mpiga matimba ana alama yake chini ya ule mdomo. Yangu ilikuwa mikato mitatu, wa katikati mfupi. Alama hiyo si pambo. Mwamba ukikaa vibaya, mti unalia, unasikika kama mlango wenye kutu, na wachimbaji wanaangalia alama ili wajue wamwite nani. Mti wako ukilia unaitwa wewe, hata kama uko kwenye chakula, unashuka kuutazama. Mimi niliitwa mara nyingi na nilishuka mara zote.

Siku ya ajali hakuna mti uliolia. Duara letu lilikuwa na tawi la juu, njia ya pembeni ya zamani, ambalo dhahabu yake ilikuwa imekwisha. Nililipiga matimba mwenyewe. Sisi tulikuwa tunachimba chini yake, watu watatu. Paa la tawi lile likashuka lote, kifusi kikamwagika hadi tulipokuwa. Wenzangu wawili walikufa hapohapo. Mimi nilibaki nimebanwa mguu hadi walipotufikia kesho yake.

Nilipokuwa hospitali walifanya kikao kando ya duara. Nilisimuliwa baadaye, na waliohusika nawataja hapa kwa kazi zao, wenyewe wanajijua. Msimamizi wa duara alisimama akasema matimba yalikuwa mabovu, mpiga matimba alileta miti michanga na ikaoza. Mwenye duara alikuwa anajua ukweli, akatazama kofia yake. Mkaguzi aliyekuja aliogopa kushuka, akaandika alichoambiwa, karatasi ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na mwenyekiti wa wachimbaji, ambaye alikuwa ananiita mwanangu, alisema tumwachie Mungu. Wakafunga kikao. Hata mmoja hakuuliza: kama miti ilioza, vipande vyake viko wapi ndani ya kifusi? Maana mti hauozi ukatoweka. Mimi ningeuliza, lakini nilikuwa nimefungwa plasta hadi kifuani.

Huyo msimamizi ni kaka wa mke wangu, tumbo moja.

Nikarudi nyumbani natembelea gongo. Mmoja wa wale waliokufa alikuwa kijana wa mtaa wetu huku Shinyanga, na mama yake anauza michembe ya viazi na karanga pale njia inapogawanyika, hatua chache kutoka kwangu. Mara ya kwanza kupita nilimwambia, "Shikamoo, mama." Alifunga kifuko cha karanga, akakiweka, akachukua kingine. Nikadhani hakusikia. Kesho yake nikamwamkia tena. Huu sasa ni mwaka wa sita. Mtu asiyezaliwa kwetu anaweza kuona ni jambo dogo, lakini mtoto mdogo anafundishwa salamu kabla hajajua kuomba maji, na hata mwizi akisema shikamoo anaitikiwa. Mimi siitikiwi. Watu wanapita, wanaona, wanaenda kusimulia.

Ndiyo maana nilipoamua kuwa seremala hapa nyumbani, karakana haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa nani atakalia kiti changu. Niliwahi kusikia kwa masikio yangu mwanamke akimwambia mwenzake nje ya ua, "Kitanda cha yule? Ulale uamkie kuzimu?" Wakacheka. Na mimi nilikuwa chooni, nimekaa.

Choo ndicho nilichoanza nacho nilipopata nguvu ya kushika nyundo, kwa sababu mtu mwenye nyonga kama yangu hawezi kuchuchumaa. Nilitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, nikakipiga msasa siku mbili. Halafu banda la kuku. Halafu mke wangu akajenga kwa mikono yake msingi wa kuwekea tangi, mimi nimekaa kwenye ndoo namwelekeza mpaka akaniambia, "Baba watoto, sema tena neno moja hili sepeto nakupa wewe." Baada ya hapo zikabaki kazi mbili: karakana yangu na jiko lake. Kuta za jiko zilikuwa zimesimama misimu mitatu ya mvua bila paa. Alikuwa anapikia chini ya bati moja lililoegeshwa ukutani. Mvua ikija na upepo, ugali unapata maji ambayo hayakupimwa.

Tulikosa miti. Mke wangu akampigia simu kaka yake, yule msimamizi, na mimi sikumzuia.

Alikuja mchana, yeye mbele kwenye pikipiki na guta nyuma yake limebeba nguzo kumi. Amenenepa. Aliruka chini akanishika bega.

"Shemeji, nimesikia unafungua kiwanda."

"Kiwanda cha nguzo hizi?"

"Hizi ni mwanzo. Mabati nayo yanakuja. Hii ni miti migumu, hailiwi na mchwa, nimeitunza uani kwangu miaka. Ukimaliza utanichongea kitanda cha mfalme."

Alikunywa maji, akasifia tangi, akaondoka. Mke wangu alikuwa anaimba. Alishapima kwa macho: nguzo sita za karakana, nne za jiko.

Nilivuta ya kwanza hadi kwenye mapaja yangu ili niondoe gome lililobaki. Mkono ulijua kabla ya macho. Kidole gumba kilipita kwenye mdomo wa nguzo kikateremka, kikakuta mkato, mkato mfupi, mkato. Nikavuta ya pili. Ya tatu. Zote kumi zilikuwa zangu. Na ndani ya midomo ile ulikuwa umekwama udongo mweupe kama unga wa muhogo, udongo wa tawi la juu. Haupatikani kwingine katika duara lile.

Basi miti haikuoza. Iling'olewa. Miti migumu ni ya taabu kuipata, vibali vinasumbua, na shemeji alikuwa anataka kufungua duara lake mwenyewe pembeni. Duara hilo lilijaa maji kabla halijafika mbali, miti ikabaki uani kwake. Amekaa mgodini zaidi ya nusu ya umri wake, hajui kwamba mti una mwenyewe, kwa sababu yeye anatazama mawe tu. Kwake mti ni mti. Akauchukua akaniletea.

Nilimwita mke wangu. Nikamwekea kidole chake kwenye alama. Alielewa bila kuelezwa, maana kitanda chetu kina mikato hiyohiyo mguuni. Alikaa chini kwenye maranda.

"Labda alipewa," akasema.

"Na nani?"

Alichambua maranda kwa vidole. Kisha akasema, "Piga randa."

"Nini?"

"Piga randa, alama itoke. Wale wamekufa, hawarudi. Mama yangu amebaki na mtoto wa kiume mmoja. Na mimi nataka kupika chini ya paa."

Nimewataja wengine, nijitaje na mimi. Nilipiga randa. Nguzo moja niliisafisha ikawa nyeupe kama muwa uliomenywa, alama yangu ikaanguka miguuni pangu imejikunja. Nikachukua ya pili. Wakati huo mama wa karanga alikuwa anapita nje ya ua na ungo wake kichwani, na mimi kwa mazoea nikasema, "Shikamoo, mama." Akapita.

Niliweka randa chini.

Mke wangu alikuwa kwenye jiko lisilo na paa, anaona yote. Siku ya tatu, siku tuliyokubaliana na majirani waje kutusimikia nguzo, alinishonea kifungo cha shati, akakata uzi kwa meno, akasema, "Kama unataka kumwita yule mama, usimtume mtu. Nitakwenda mimi."

Majirani walikuja wanne, na shemeji akaja na mabati yake. Mashimo yalikuwa tayari. Walikuwa wanabishana iwapo zege liwe na kokoto nyingi au chache, na yule wa meza ya kuku alikuwa anasema fundi asiyesimama atajuaje kama nguzo imenyooka. Ndipo mke wangu akaingia na yule mama. Majirani wakamwamkia, akawaitikia mmoja mmoja.

Nilimwomba asogee kwenye nguzo. Nikamweleza alama ni nini na nani aliichonga. Nikamweleza udongo mweupe ulitoka wapi. Nikamwambia nani alizileta na zilikaa wapi.

Shemeji akacheka. "Alama ni alama. Kila mtu anaweza kukwaruza mti. Shemeji amekaa sana juani."

Yule mama hakumtazama. Alipitisha kidole kwenye mikato, akachimbua udongo kwa ukucha, akaunusa. Kisha akamwuliza shemeji, taratibu, kama anayeuliza bei:

"Mti huu uliutoa mwanangu akiwa ndani?"

"Hapana, mama, haki ya Mungu. Tulitoa wiki moja kabla."

Wiki moja kabla. Shemeji aliisikia mwenyewe ilipokwisha kutoka. Aliangalia mabati, akamwangalia dada yake. Mke wangu alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga, na hakuushusha mkono ule. Shemeji akasema mwamba wa juu ulikuwa mgumu, kila mtu alijua ni mgumu, mwenye duara ndiye aliyeruhusu. Alisukuma pikipiki hadi barabarani ndipo akaiwasha.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani sasa nitaitikiwa. Lakini yule mama alinigeukia mimi.

"Na wewe, mwenye alama. Asubuhi ile ulipita kwenye mlango wa hilo tawi?"

"Nilipita."

"Hukuona miti haipo?"

"Mlango ulikuwa umezibwa kwa viroba, mama."

"Hukuinua kiroba?"

Miaka yote nilikuwa na majibu kwa ajili ya mkaguzi, mwenye duara na wale wa kikao. Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi nilikuwa nalikwepa hata nikiwa peke yangu. "Sikuinua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyemaliza kuhesabu. Akachukua ungo wake akaondoka.

Majirani walisimika nguzo. Tulisimika tisa zenye alama na moja nyeupe, hiyo niliyoipiga randa, na nikaomba iwekwe mlangoni ili niione kila nikiingia. Alama zote zimeelekezwa barabarani. Mabati tuliyarudisha kwa guta. Karakana niliiezeka kwa nyasi, na jiko la mke wangu lilisubiri paa hadi mvua za mwaka huu. Hakunilaumu kwa hilo. Kaka yake haji tena, na mama mkwe wangu hapokei simu yetu. Shemeji bado anasimamia maduara, sasa hivi yuko upande wa Bugarama, na mkaguzi nimesikia amepandishwa cheo. Sikutegemea lingine.

Wateja hawakuja. Wiki mbili nilichonga miiko ya mke wangu na mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeagiza. Kisha asubuhi moja nikakuta kigoda juu ya meza ya kazi, kigoda cha zamani kilichovunjika mguu mmoja, na chumvi ya karanga imeingia katika kila ufa. Nilikijua. Nimekiona kikikaliwa njia panda miaka sita.

Nilikitengeneza siku nzima. Jioni alikuja kukichukua. Nikasema, "Shikamoo, mama." Alikigeuza miguu juu, akatafuta, akaiona alama yangu mahali nilipoiweka. Akakigeuza tena, akakiweka sakafuni, akakikalia kwa uzito wake wote, akajisukuma kushoto, akajisukuma kulia.

"Mguu huu mmoja mfupi," akasema.

Aliinuka, nikainama kupima. Ni kweli, ulikuwa mfupi. Nikachukua patasi nipunguze ile mingine, na yeye akabaki amesimama palepale ananingoja.