Duka Lililoondoka na Sauti ya Mama

Mama alipopatwa na kiharusi, mkono wa kulia ulilala na ulimi ukafungika, lakini akili haikuguswa. Nililijua hilo wiki ya kwanza, jirani alipokuja kumtazama akawa anasimulia harusi ya Mbegani na kuchanganya ndugu wa bibi harusi na ndugu wa bwana harusi. Mama alipiga godoro kwa mkono wa kushoto mpaka jirani akajisahihisha.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa kushindwa kuomba chakula. Ilikuwa salamu. Nyumba yetu Bagamoyo iko njiani kwa watoto wa chuo, na kila asubuhi hupita na misahafu yao wakisema, mmoja mmoja, shikamoo bibi. Huku kwetu mtu mzima asiyeitikia shikamoo ana lake moyoni. Mama alikuwa akigeuza uso ukutani mpaka wapite. Mwezi wa pili akakataa kabisa kutolewa barazani.

Mwuguzi aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ndiye aliyeniambia kuhusu programu ya kusemea. Unagusa picha, kishikwambi kinasema. Niliinunua kwenye duka la mtandaoni, kwa mkono wa fundi wangu wa simu. Haikuwa na Kiswahili, lakini iliruhusu mtu arekodi maneno yake mwenyewe. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuja kutoka Pangani akakaa kwetu siku nne akirekodi: marahaba, maji, nigeuze, zima feni, nani huyo, huyu mwongo. Sauti zao zilifanana sana. Wakiwa chumbani wawili hukujua yupi kazungumza.

Mama akarudi barazani. Watoto walisema shikamoo, kidole cha kushoto kikagusa, na marahaba ikatoka kwa sauti iliyokuwa yake tangu zamani. Mama mdogo alipofariki mwaka uliofuata, nilimwona mama akigusa picha zote kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, akimsikiliza.

Kisha mjomba akapata nafasi ya kwenda hija.

Mjomba ni mdogo wa kiume wa mama, na walikuwa hawasemezani. Mama alipokuwa amelazwa, mjomba aliuza shamba la minazi la marehemu babu, upande wa Makurunge, bila kumwambia. Sasa anayekwenda hija hupita kwa ndugu na majirani kuomba radhi kabla ya safari. Hawezi kuondoka na kinyongo cha dada yake wa tumbo moja. Alituma ujumbe kwamba Ijumaa, baada ya swala, atakuja.

Nikataka kila kitu kiwe sawa. Kishikwambi kilikuwa kimeanza kuwa kizito. Ukigusa picha, neno lilichelewa kutoka, na nilihofia mjomba atauliza, atangoja, ataona kimya. Jumanne asubuhi nikakipeleka kwa fundi. Saa nne nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, na yeye ananipa kifaa huku anatabasamu.

"Dada, kilikuwa kimejaa takataka. Nimekusafishia, sasa kinaruka."

"Umesafisha nini?"

"Nimekiflashi, nimefuta vyote kianze upya. Bure, sikuchaji. Ile programu ya bi mkubwa tunairudisha sasa hivi, akaunti si ninayo mimi."

Alifungua duka. Ukurasa ulikuwa mweupe, wenye mistari miwili ya Kiingereza: duka limefungwa, tunawashukuru wateja wetu. Alizima data akawasha. Akajaribu kwa simu yake. Akasema labda ni mtandao wa leo. Mteja aliyekuwa akingoja kubandikiwa kioo akacheka.

"Fundi, duka likifungwa si unapita mlango wa uani?"

"Wewe ngoja kioo chako," fundi akamwambia.

Niliuliza kama wenye duka hawakuandika kutuarifu. Hapo ndipo nilipojua. Fundi alikuwa na anwani moja ya barua pepe kwa wateja wake wote. Alieleza bila kuona haya, na sikuwa na haki ya kumwonesha kuwa ni aibu: tukinunua simu tunamwachia yeye afungue akaunti, atunge neno la siri, atie kila kinachotakiwa, sisi tunakunywa soda. Mimi ninayetunza kadi za kliniki za mama kwenye faili kwa tarehe, siku ile nilikunywa soda.

Tulifungua sanduku lake la barua. Katikati ya matangazo ya mamia ya watu kulikuwa na barua kumi na moja za lile duka. Ya kwanza ilikuwa ya miezi kumi nyuma. Walieleza kwamba wanafunga, wakaonesha jinsi ya kuhamisha nakala, wakakumbusha, wakakumbusha tena. Ya mwisho ilisema programu zilizokwisha kuwekwa kwenye vifaa zitaendelea kufanya kazi kama kawaida. Msizifute, ilisema, kwa sababu hazitapatikana tena.

Niliisoma mara mbili. Saa mbili na nusu ya asubuhi ile marahaba ilikuwa bado hai.

"Dada, mimi nilikuwa nakusaidia," fundi alisema. Na ilikuwa kweli.

Sauti za mama mdogo zilikuwa ndani ya programu, na kwingine kokote hazikuwapo. Jumatano nilikwenda Msata kwa fundi mwingine, anayesifika kwa kurudisha vilivyofutwa. Nilikaa kwake tangu asubuhi hadi adhuhuri nikitazama mstari ukijaa taratibu. Alirudisha picha mia na kitu: vyeti vya dawa, stakabadhi, paka wa jirani kalala kwenye kiti cha mama. Sauti, hakuna hata moja. Alinitazama kama daktari anayejua atakachosema. "Kilifutwa kikaandikwa juu yake. Hapo basi."

Nikaiandikia kampuni iliyotengeneza programu yenyewe. Barua ilirudi kabla sijainuka kwenye kiti, anwani haipo. Alhamisi nikapakua programu nyingine, inayosoma maandishi. Mtoto wa chuo akapita, shikamoo bibi, na kishikwambi kikatamka marahaba kwa sauti ya mwanamume wa kigeni aliyekuwa kama anasoma bango la barabarani. Mtoto alikimbia. Mama alikichukua kwa mkono wake mzima akakilaza mkekani, kioo chini, na hakukigusa tena.

Siku ile mchana alinivuta kitenge akanionesha mdomo wake. Alitaka kujua sauti iko wapi. Nilimwambia fundi ameifuta kwa bahati mbaya. Sikumwambia kwamba duka limefungwa na kwamba hairudi. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akageukia ukuta.

Asubuhi ya Ijumaa nilikata boksi la sabuni nikachora kwa kalamu ya wino. Maji. Chakula. Nigeuze. Zima feni. Nani huyo. Kwa ajili ya mjomba nilichora mikono miwili iliyofunguka, na chini yake nikaandika nimekusamehe.

Mjomba alikuja na kanzu mpya, amenyoa, amekonda. Alisimama mlangoni mwa chumba akavua viatu.

"Shikamoo dada."

Mama alimtazama. Mimi nilisema, "Anaitikia, mjomba."

"Mwache aitikie mwenyewe, mpwa wangu. Mimi ninangoja."

Nilimweleza yaliyotokea, kwa ufupi. Akakaa chini sakafuni, akakataa kiti. Alizungumza muda mrefu. Alisema shamba aliuza kwa sababu alidhani dada yake hatoki hospitali, na kwamba hilo ndilo kosa kubwa kuliko shamba, kumhesabu kuwa amekufa. Alisema anakwenda mbele ya Mungu na hataki kwenda na hili. "Dada, niwie radhi."

Nikaliweka boksi mapajani mwa mama.

Kidole chake kilipita juu ya mikono miwili bila kusimama. Kikaenda pembeni kabisa, chini kulia, kikagusa maji. Nilileta maji. Alifunga mdomo. Akagusa tena pale pale, kwa nguvu zaidi. Nikaleta kikombe kingine, cha baridi. Akasukuma mkono wangu, maji yakamwagikia shuka. Akagusa mara ya tatu, na machozi yakaanza kumtoka.

"Imetosha," mjomba akasema. Alikuwa naye analia. "Hataki. Ana haki." Akainuka, akashika viatu mkononi.

Alikuwa amefika barazani nilipoelewa. Kwenye kishikwambi, pembe ile ya chini kulia haikuwa ya maji. Ilikuwa picha ya mtu aliyeshika shavu, na mama mdogo alikuwa amerekodi: bado nafikiri. Mama alikuwa akiitumia kila siku, nikimuuliza wali au ugali, kanga ipi. Kidole kilikwenda kwa mazoea mahali maneno yake yalipokuwa.

Nilimkimbilia mjomba nikamwambia. Alirudi akakaa barazani mpaka swala ya alasiri. Gari la mahujaji wenzake lilikuja kumchukua kwenda Dar. Mama alikuwa bado anafikiri. Mjomba alichungulia dirishani akasema, "Dada, nitapiga simu kutoka kule," akaondoka.

Nililitazama tena lile boksi alipokwisha kwenda. Nilikuwa nimemchorea mama picha ya kusamehe na sikumchorea ya kukataa. Nilikuwa nimejiambia nafasi haitoshi. Nikachukua boksi jingine nikachora upya: mikono iliyofunguka, mikono iliyofungwa, na mtu aliyeshika shavu nikamweka pembe yake ya chini kulia. Nikamwonesha mama picha zote tatu na kuzisoma. Akagusa shavu. Jumamosi shavu. Jumapili shavu.

Jumatatu baada ya chai aligusa mikono iliyofunguka. Nilimuuliza kama ana hakika. Aligusa tena, akanikazia macho kama mtu anayeambiwa arudie kitu kilichokwisha kusikika.

Mjomba alipiga Jumanne. Simu yake ni kitochi, ile ndogo isiyopiga simu ya picha, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi. Nikamwambia, "Mjomba, mama amekusamehe."

Akauliza kwa upole, "Ni yeye, mpwa wangu, au ni wewe?"

"Ni yeye. Amegusa mwenyewe."

"Kwenye boksi lile lile?"

"Nimechora jingine. Lina picha ya kukataa pia."

"Umechora wewe."

"Nimechora mimi."

Hakuwa ananishutumu. Alikuwa anauliza kama ambavyo ningeuliza mimi. Alisema kama angesikia sauti, hata ile ya marehemu mama mdogo, angejua ni dada yake kaibonyeza, kwa kuwa ile haikuwa yangu. Nilisema najua.

Nikaweka simu kwenye spika, nikaishusha mpaka karibu na mapaja ya mama, nikalisogeza boksi. "Dada," mjomba akasema, "umeniwia radhi?"

Mama aligusa. Aligonga kwa ukucha, mara nne au tano, ili sauti ifike. Kule alikokuwa, mjomba alisikia kidole kikigonga boksi, na hakuweza kuona kinagonga wapi.