Mwano Uliouzwa kwa Mashudu

Nilikuwa nimezama kwenye pamba hadi kifuani, mikono yote miwili imebanwa, na kitu pekee nilichobaki nacho kilikuwa mdomo. Nikapiga mwano. Huku kwetu Usukumani mwano ni ukelele wa hatari, na aliyeusikia haulizi ni nani wala kuna nini. Anaacha jembe, anaacha chakula, anakimbia. Mlango wa ghala ulikuwa wazi na niliwaona wenzangu kule kwenye mashine. Walisikia, maana waligeuza vichwa. Halafu kila mmoja akarudi kusimama pale alipopangiwa.

Mdogo wangu alikuwa chini ya pamba ile, mbele yangu kidogo. Ningekuwa na mkono ningemgusa. Lundo lilituangukia wote wawili, mimi ubavuni, yeye kichwani. Mwanzoni pamba ilikuwa inatikisika pale alipo. Nikamwambia, "Tulia mdogo wangu, wanakuja." Nikapiga tena. Jamaa aliyesimamia mashine ya kwanza nimechunga naye ng'ombe tangu hatujavaa kaptula. Tuliangaliana. Akageuza uso, akaangalia mashine yake.

Pamba ikaacha kutikisika.

Watu wanadhani pamba ni nyepesi. Hao hawajalaliwa na ghala la pamba.

Sasa nirudi nyuma, maana mambo haya yalipangwa, na waliopanga nawajua.

Kiwanda kile cha kuchambua pamba, upande wa Sapiwi, kilikuwa cha ushirika, enzi Bariadi bado inahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Ushirika ukachoka, soko likaachiwa, wanunuzi binafsi wakaingia kama nzige, mmoja wao akakichukua kiwanda. Akatuletea meneja kutoka Dar es Salaam, kijana msafi aliyesomea uendeshaji wa biashara. Mimi niliishia darasa la nne. Sisemi meneja yule alikuwa mjinga. Angekuwa mjinga tungemcheka tu, na mdogo wangu angekuwa na wajukuu leo.

Kwanza alitukusanya chini ya banda la mizani, akaazima ubao wa shule.

"Uongozi ni vidole vinne," alisema, mkono juu. "Kupanga mipango, kupanga watu, kuongoza, kudhibiti."

Tulikuwa na mzee mmoja mbeba marobota ya pamba ambaye hakuna neno lililompita bila kulijibu. Akauliza, "Na gumba, bosi?"

"Gumba ni mimi. Bila gumba, hivyo vinne havishiki kitu."

Akachora ngazi ubaoni. Juu meneja, chini yake msimamizi wa zamu, kisha nyapara, na huko chini kabisa sisi. Amri inashuka ngazi kwa ngazi, akasema, na taarifa inapanda ngazi kwa ngazi, hakuna kuruka. Kila mtu na kituo chake, na kila mtu na mkubwa mmoja. "Mfanyakazi mwenye wakubwa wawili hana mkubwa."

"Na mwenye wake wawili je?" yule mzee akauliza.

"Huyo ndiye atakayenielewa kwanza, baba."

Tulicheka mpaka machozi. Mzee mwenyewe alikuwa na watatu.

Na mambo yakaenda, siwezi kusema uongo. Wakati wa ushirika kila mtu alifanya kila kazi, maana yake nyingine haikufanywa na yeyote. Sasa marobota yalitoka, malori yalipakiwa, mishahara ilikuja mwisho wa mwezi. Kitu kimoja tu alichokata kilinikaa vibaya. Zamani, watu wakichota pamba chini ya lundo, mmoja alisimama pembeni akiangalia juu, na akiona linapasuka anapiga kelele. Meneja alimkuta mtu huyo amesimama.

"Huyu anafanya nini?"

"Anaangalia lundo, bosi."

"Lundo linakimbia?"

Akampeleka kwenye mashine. Mtu aliyesimama bila kushika kitu, alituambia, ni mshahara uliosimama.

Alasiri moja mwano ukatoka kijijini. Ng'ombe wa mjane mmoja walikuwa wameswagwa na wezi kuelekea Mwamapalala. Tukaacha kila kitu, kiwanda kizima, tukakimbia na fimbo. Ng'ombe tuliwarudisha. Tuliporudi tukakuta mashine zinazunguka zenyewe, moja imesagika hadi imeshika moto, na pamba iliyokwisha kuchambuliwa inaungua. Meneja alikuwa anabeba ndoo za maji na mlinzi wa geti, suruali yake nyeupe imekuwa ya mkaa.

Hakupiga kelele. Kesho yake alitusimamisha mbele ya ubao ule ule.

"Mkubwa wenu ni nani?"

Yule mzee akasema, "Ni wewe, bosi. Lakini wewe una kwenu. Sisi kwetu ni hapa."

"Msingekwenda mngefanywa nini?"

"Tungetozwa faini ya kijiji. Ukirudia unatengwa. Hata moto wa kuwashia jiko huombi kwa jirani, na ukifiwa unazika mwenyewe."

Meneja akasema maneno ambayo nimeishi nayo miaka yote hii. "Basi mna wakubwa wawili. Nitakwenda kuongea na huyo wa pili."

Huyo wa pili alikuwa mtemi wa sungusungu wa kijiji chetu, mkuu wa walinzi wa jadi. Mtu wa filimbi shingoni na sauti nzito. Sijui walizungumza nini nyumbani kwake. Najua alichosema kwenye mkutano wa kijiji, maana nilikuwepo na mama yangu alikuwepo. Alisema mtu wa kiwandani akiwa kazini, mwano wa kijiji haumhusu, wala hatatozwa. Na mwano ukitoka kiwandani, haukihusu kijiji. Kiwanda kina wenyewe na geti lina wenyewe.

Mama yangu akasimama. Hakuwa msemaji, mama. "Mtemi, mwano una mipaka tangu lini?"

"Mayu, mama yangu, kaa chini," akamjibu. "Haya ni mambo ya kisasa."

Watu wakacheka. Mama akakaa.

Wiki haikuisha, lori la kiwanda likashusha mashudu kwa mtemi, chakula cha ng'ombe kinachobaki mbegu zikikamuliwa. Likaja tena, likaja tena. Kiangazi kile ng'ombe wetu walikuwa mbavu na pembe tu. Wa kwake waling'aa kama wamepakwa mafuta. Wote tuliona na wote tukanyamaza, na mimi nilikuwa na mshahara.

Siku ile mimi na mdogo wangu tulikuwa chini ya lundo, tunachota. Alikuwa na mwezi tu tangu aanze kazi. Alikuwa ananitania kwamba nachota kama mwanamke mjamzito, kaka, pisha wenye nguvu. Hapakuwa na mtu wa kuangalia juu. Lundo halikupiga hata kelele, lilikuja tu.

Mengine nimeshayasema. Lakini sijasema alichofanya msimamizi wa zamu. Alitoka mbio mpaka mlangoni pa ghala, akaniona, akageuka akawapigia wale waliokuwa wanaanza kusogea: "Kila mtu kituoni kwake. Mnataka pamba iungue tena?" Halafu akapanda ngazi yake kama alivyofundishwa, akaenda kuomba ruhusa ya kuzima mashine. Meneja alikuwa ofisini na wageni wa kampuni, mlango umefungwa. Msimamizi akasubiri nje. Alisubiri, mtu mzima mwenye watoto, mpaka wageni wanyanyuke, kwa sababu kugonga mlango wa meneja akiwa na wageni nako kulikuwa na katazo lake.

Na huko nje kijiji kilisikia. Wanawake walikuwa kisimani, wanaume walikuwa shambani hapo hapo ng'ambo ya barabara. Walisikia, wakaambiana ni mwano wa kiwandani. Aliyekuja ni mmoja tu. Mama aliijua sauti yangu. Alikuja mbio mpaka getini, mlinzi akamzuia kwa mikono miwili. Nilimsikia nikiwa ndani ya pamba. Hakuwa analia, alikuwa anataja jina la mdogo wangu, halafu langu, halafu la mdogo wangu.

Meneja alipotoka alikuja mbio, nasema ukweli, na yeye ndiye aliyeanza kufukua kwa mikono. Walimtoa mdogo wangu akiwa bado wa moto. Mdomo wake ulikuwa umejaa pamba, pamba safi, daraja la kwanza.

Baadaye nilianza kuuliza. Nilimuuliza wa mashine ya kwanza, akasema alingoja amri ya msimamizi. Msimamizi akasema alingoja ya meneja. Meneja aliniangalia kwa macho mekundu, akasema hakuna aliyempa taarifa kwa wakati. Mwenye kampuni alituma sanduku la kuzikia na gunia la mchele, akatuma na salamu kwamba mambo ya kiwandani yako chini ya meneja. Hapo ndipo nilipoielewa ngazi ile vizuri kuliko siku ya ubao. Lawama nayo inapanda, na ikifika juu inakuta mlango umefungwa.

Meneja aliondoka msimu uliofuata. Nimeambiwa amepanda cheo huko aliko, anafundisha na wengine. Alisema mwenyewe gumba ni yeye, na mkono ukiua siwezi kukamata vidole vinne nikaliacha gumba.

Lakini yeye alikuwa mgeni. Mwano haukuwa wake, wala hakuwa na uwezo wa kuuza kisichokuwa chake. Aliyeuza yupo. Ni mzee sasa, mgongo umenyooka, bado anakaa kiti cha mbele kwenye mikutano, na vijana wanamwamkia kwa kuinama. Ng'ombe wake ni wengi. Kizazi cha ng'ombe wale wa mashudu.

Simtaki polisi, na faini yake siitaki. Nataka mkutano ujao wa kijiji asimame pale pale aliposimama, filimbi yake shingoni, mbele ya wote waliocheka siku ile. Mama yangu aliuliza mwano una mipaka tangu lini, akaambiwa akae chini, akakaa, akafa hajajibiwa. Mtemi asimame amjibu.