Ukili wa Kumpimia Chatu

Kwanza ilikuwa sauti: mkeka unaburutwa sakafuni, taratibu, upande wa pili wa ukuta. Sikuona kitu, nilisikia tu. Hadi leo mikeka ikikunjwa msikitini jasho hunitoka. Utasema natunga. Sema. Nyumba ipo Tongoni, ghala lipo, na mimi ndimi niliyebaki humo.

Marehemu baba alikuwa akiuza mbata, nazi zilizokaushwa, na penye mbata hapakosi panya. Kwa hiyo alifuga chatu. Alimchukua angali mwembamba kama mkanda, akamweka ghalani, na panya walipokwisha akawa anampa kuku mmoja kila mwezi unapoandama. Lakini hakumpa ovyo. Alikuwa na ukili, ule msuko wa miyaa wa kushonea mikeka, ameutundika kwenye msumari. Aliuzungusha kwenye tumbo la chatu, pale palipo nene zaidi, akafunga fundo, kisha akauzungusha kwenye mwili wa kuku. Kuku akizidi fundo, hapewi.

"Nyoka hajui shibe, mwanangu," aliniambia. "Anajua nafasi. Shibe yake iko kwenye ukili wako."

Baba alipofariki, mimi na mke wangu Zuhura tulihama Nguvumali tukaja kuishi pale. Ukili nikaurithi pamoja na funguo za ghala.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza, tumekaa kufuturu, nikaisikia ile sauti nyuma ya ukuta, upande wa ghala. Sisi tumelelewa hivi: huli huku kiumbe wa nyumbani mwako anakusikiliza. Nikainuka.

"Huyo nyoka wako naye kafunga," Zuhura akasema, "au anadoea tu?"

"Mwezi mtukufu," nikamjibu. "Na yeye apate."

Nikampa kifaranga. Kesho yake tena. Niamini, sikuwa na nia mbaya. Niliona fahari kumfuturisha kiumbe asiye na mtu. Wiki ya pili vifaranga wakawa hawamtoshi, nikampa kuku wazima, kila magharibi. Fundo likawa halifiki. Ningefanya kama baba ningesimama hapo, maana kupima ni kuzuia. Mimi niliunga ukili kipande, halafu kipande kingine, nikimfuata yeye anavyonenepa. Alianza na unene wa paja langu, akaupita mbali. Je, nilishtuka? Sikushtuka. Nilijisifu.

Kumi la mwisho lilipoingia, kuku waliniishia. Siku hiyo sikumpa kitu. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, mkeka ukaburutwa nyuma ya ukuta, ukanyamaza. Kisha mlangoni: "Hodi."

Mgeni wa futari harudishwi. "Karibu, mama, karibu sana," Zuhura akaitikia hata kabla hajamwona.

Akaingia mwanamke wa makamo, mnene, amevaa buibui jeusi. "Shikamoo," nikamwamkia. Hakuitika. Akaketi mkekani bila kuutia mkono chini kama watu wenye mwili wanavyofanya, alishuka tu. Uji hakuugusa. Alichukua tende tatu akazimeza moja moja na kokwa zake, hakutafuna, na macho yake, wallahi, hayakufumba hata mara moja.

"Ule ukili wa mzee upo?" akauliza.

Zuhura alidhani ni jamaa wa marehemu. Akaenda kuutoa kwenye msumari. Mgeni akanizungushia mimi kiunoni, ncha hazikukutana. Zilipungua shubiri nzima. Akamgeukia mke wangu. Zuhura ni mwembamba, na mpenda mzaha. Akainua mikono kama yuko kwa fundi cherehani.

"Nishonee la mkono mrefu, mama," akasema, anacheka.

Ncha zilikutana. Zikapishana kidole kimoja.

"Huyu anatosha," mgeni akasema. Kisha akaniangalia. "Baba yako alinilisha. Wewe umenifundisha njaa."

Akatoka na ukili mkononi. Nikamfuata na tochi. Uani hapakuwa na mtu. Ghala lilikuwa na kufuli kwa nje, funguo mfukoni mwangu. Nilipofungua, chatu alikuwa amejikunja pembeni. Mbele yake palikuwa na ukili, na juu ya ukili kokwa tatu za tende, zimelowa.

Unaniuliza kwa nini sikumuua? Nilirudi na panga. Akainua kichwa akanitazama kwa macho yale yale yaliyokaa kwenye futari yangu, na mkono ukafa ganzi hadi begani. Kuhama naye Zuhura? Mnyama humfuata anayemlisha. Kumwambia? Angebaki. Namjua, angebaki ili anicheke.

Basi asubuhi nilimwambia nimeposa mke mwingine, na kwamba nimempa talaka, arudi kwao Horohoro.

Akaniuliza, "Ndiye yule aliyekuja kufuturu?"

Nikazishika funguo za ghala mfukoni.

"Akanipima kiuno mbele yako, nami nacheka. Kumbe mnanipima jinsi nilivyopungua."

Nikanyamaza. Alikusikia kunyamaza kwangu kuwa ni ndiyo, na ndivyo nilivyotaka asikie.

Nasikia ameolewa. Nasikia amenenepa, namshukuru Mungu. Mimi nimebaki na ghala. Nalisha mwezi ukiandama, kuku mmoja, kwa fundo la baba, na mwenyewe nakula hata nisipokuwa na njaa, ili ncha zisije zikakutana. Wewe unayefuga chochote, kipe haki yake, usikiongeze kwa huruma. Ukikizidishia, kitakuja kukuuliza kilichobaki ndani, nawe utakuwa umekwisha kukikaribisha.

Asubuhi ile Zuhura alifunga nguo zake kwenye kanga moja. Hakulia. Nyuma ya ukuta mkeka uliburutwa mara moja, ukatulia. Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha aliyelala.