Siku Niliyomwogesha Mzee Mhina

Hii aibu nimeikalia kimya muda mrefu, na wenzangu wa wodini wakinitania huwa nacheka nao, lakini leo nawasimulia mwenyewe, maana mkiisikia kwa watu mtadhani mimi ni mchawi.

Nilikuwa nimetoka semina ya siku tatu hapa Korogwe (chai na maandazi vilikuwa vizuri, sisemi uongo), tukafundishwa nadharia ya kumjali mgonjwa kama binadamu kamili, kwamba usimgeuze kama gunia, kwanza utulie, umwambie jina lako, umpe heshima yake hata kama hajibu. Ikaniingia sana. Na wodini nilikuwa na Mzee Mhina wa Makuyuni, kapigwa kiharusi, siku ya tano hajasema neno wala hajafumbua macho, nikaona huyu ndiye.

Basi asubuhi nikavuta pazia, nikamwogesha taratibu kwa maji ya uvuguvugu, nikimnong'oneza, "Mzee, ni mimi Yusta, sasa nanyanyua mkono wako," nikamziba masikio kwa pamba maji yasiingie, nikampaka marashi ya waridi niliyotoka nayo nyumbani, nikamfunika shuka jipya jeupe mpaka kidevuni. Mimi Mkristo, babu yangu alikuja huku kukata mkonge. Misiba ya majirani Waislamu nakaa uani na kina mama, chumba cha kuoshea maiti sijawahi kuingia.

Mwanaidi, binti yake, akachungulia pazia akiwa na chupa ya uji. Hakulia. Alinong'ona kitu, akaiweka chupa chini, akaondoka. Nikajisemea, huyu kaguswa na huduma yangu (mnisamehe jamani).

Saa tisa mchana wodi nzima ikageukia mlangoni. Walisimama wanaume wanane wamevaa kanzu, na jeneza la msikitini. Nikawauliza wamemfuata nani, wote wakatazama kitanda cha Mzee Mhina. Na hapo hapo mzee akafumbua macho, akalitazama lile jeneza kwa muda, akasema polepole, "Mmekuja kumchukua nani?"

Wagonjwa wanaoweza kutembea walishuka vitandani wakatoka, mmoja na dripu yake mkononi, na matroni akaniuliza mbele ya watu wote nimefanya nini, nami nimesimama na kichupa cha marashi bado mfukoni kama mwizi aliyekamatwa dukani. Mmoja wa wale wanane, mdogo wake mzee, akaniambia bila hasira, na huko kutokuwa na hasira ndiko kulikonitisha, "Dada, Mwanaidi alimkuta baba yake kaoshwa, katiwa pamba na marashi kama maiti wetu, kaburi limeshachimbwa. Na likichimbwa halilali tupu."

Ikabidi niende nao makaburini kuomba radhi. Walikata mgomba, wakaupima kwa urefu wa mzee, wakauzungushia sanda, wakaufukia bila sala, jua linawaka. Nikaambiwa nami nitupie udongo. Nikatupa, nikausikia unavyoanguka mle ndani.

Mzee alipata nafuu, akaruhusiwa, nikadhani yameisha. Baada ya mwezi nikaenda kumwangalia nyumbani kwake, nikamkuta barazani peke yake, watu wanapita wakimwamkia huku wanatazama pembeni, na Mwanaidi anamwekea chakula kizingitini kisha anarudi ndani haraka. Wajukuu hawali naye tena.

"Wananiogopa, wanasema nimeshazikwa," akaniambia, akauinua mkono mmoja kwa ule mwingine, akanipa. "Hebu nishike, muuguzi. Nina joto?"

Mkono ulikuwa wa baridi. (Ndio ule uliopooza, damu haizunguki vizuri, najua, nimesoma.) Nikasema, "Una joto, baba." Nikamwita Mwanaidi naye aje aushike, akatikisa kichwa. Iliniuma sana. Nikanawa, nikala ugali na mzee sahani moja, mpaka tukaimaliza, na wajukuu wanatuchungulia dirishani.

Semina ilinifundisha kumsemesha mgonjwa, nami nikamsemesha, ila wenye mgonjwa sikuwaambia hata neno moja, na hilo neno lingemwacha mzee wa watu na watu wake. Nimeapa, simwogeshi mtu tena kabla sijamwita ndugu yake aje ashike beseni.

Nilipoaga nikampa Mwanaidi mkono, ule ule niliomshika nao baba yake. Akautazama, kisha akauingiza wake ndani ya kanga.

"Safari njema, dada," akasema.